Maneno Chini ya Picha ya Baba Ikram

Jumapili iliyopita mliniacha kwenye kigoda, jiko la vitumbua limenizimikia, na binti yangu Ikram amenigeuzia kompyuta ili nisome mwenyewe kwa macho yangu. Leo naanzia hapo hapo, kwenye yale maneno.

Kwa ambaye gazeti halikumfikia: mimi ni mjane. Mume wangu Hamidu alikuwa dereva wa malori. Alifariki kwa ajali, akaoshwa hapa Dodoma, akaenda kuzikwa kwao Kolo, kaburi likiwa kando ya lami. Jinsi shemeji yangu Khamisi alivyonitoa Kolo baada ya eda mmeshasoma, sirudii. Nilikuja Nzuguni, hapa hapa Dodoma, nikaanza kuuza vitumbua, Ikram akaanza chuo.

Chuoni mwalimu wao aliwapa kazi. Kila mwanafunzi atengeneze tovuti yake mwenyewe, aseme yeye ni nani, ametoka wapi, anapenda nini. Mimi nilidhani tovuti ni za wizara na makampuni. Kumbe hata mtoto wa muuza vitumbua anaruhusiwa kuwa na yake.

Ikram alikuwa hajawahi kutengeneza kitu cha namna hiyo. Alianza kwa kukosea, akafuta, akakosea tena. Mara maandishi yakimbilie upande mmoja, mara picha ijae ukuta mzima. Nilikuwa namtazama tu, nageuza vitumbua.

Siku aliyoweka picha ya baba yake tuligombana kidogo.

"Hapo andika marehemu," nilimwambia.

"Mama, nikiandika marehemu, mtu wa kwanza kufungua ataanza kunipa pole. Mimi sitaki pole, nataka maksi."

"Aliyekufa hatajwi hivi hivi."

"Kwenye tovuti watu wanaandika wanavyopenda."

Akaandika alivyopenda. *Baba yangu anaitwa Hamidu. Ni dereva wa malori, na hakuna njia asiyoijua.* Juu yake picha: Hamidu amesimama mbele ya lori, kavaa koti lake la kijivu, anacheka na mpiga picha.

Siku chache baadaye chini ya picha ile kulikuwa na maneno ambayo Ikram hakuyaandika. *Nyuma ya sikio la kushoto ana kinundu, kidogo kama punje ya mtama. Akitoka safari kidevu chake kinachoma.*

Kwenye picha Hamidu anatazama mbele. Nyuma ya sikio hakuonekani. Kinundu kile nilikuwa nakijua mimi, niliyekuwa nikimnyoa.

Na Jumapili iliyopita, pale nilipowaachia, yalikuwa yameongezeka mengine. Haya:

*Kila lori likipita naamka. Niko hapa bado. Mbona huji?*

Nilisoma mara moja, nikasoma tena. Mimi niliishia darasa la saba, lakini maneno hayo hayakuhitaji darasa.

"Mama," Ikram akasema polepole, "Baba amezikwa kando ya lami."

"Najua alipozikwa."

"Malori yanapita pale."

"Ikram, maiti haandiki."

Akanitazama kama mtu aliyekuwa anangoja nitamke hivyo.

"Basi anayeandika si maiti."

Nilisoma Ayatul Kursiyy, nikafunika sufuria ya unga, nikaingia ndani kuswali adhuhuri kabla ya wakati wake kwisha. Niliposujudu nilisikia lori linashuka barabara kubwa. Nasema kweli, sikumbuki nilisujudu mara ngapi.

Jioni alikuja Sila, kijana anayesoma na Ikram darasa moja. Ni mtoto wa kanisani, mcheshi, ana tabia ya kuulizia vitumbua kabla ya kuulizia afya.

"Shikamoo, Mama Ikram. Vya leo vimekwisha?"

"Marahaba. Leo sikupika."

"Hujapika? Basi kuna msiba."

Hakuna aliyecheka. Akaketi, akavuta kompyuta, akabonyeza huku na huku. Muda wote Ikram alisimama nyuma yake na ncha ya mtandio mdomoni, anaitafuna kama mtoto.

"Hakuna aliyevunja mlango," Sila akasema. "Aliyeingia ameingia na ufunguo. Huu ukurasa uliufungua kwa anwani ya nani?"

"Ya Baba."

"Kwa nini ya baba yako?"

"Ya kwangu nilisahau neno la siri. Ya Baba nilimfungulia mimi mwenyewe, aliponunua simu. Neno la siri ni jina la Mama."

Sila akatikisa kichwa. "Basi kuna simu imefunguliwa kwa anwani hiyo hiyo. Kila ukiandika kitu, simu inapewa taarifa. Mwenye simu akibonyeza anaingia, anaandika anachotaka, kama wewe."

"Simu ya baba yake ilipotea kwenye ajali," nikasema.

"Mama, iliyopotea kwenye ajali ilikuwa hewani jana."

Pale ndipo Ikram alipokaa chini, sakafuni, mgongo ukutani. Uso wake ulikuwa na furaha. Heri ningeona hofu. Ile furaha ndiyo iliyonitisha.

Sila naye akaiona. "Dada, sikiliza. Tubadilishe neno la siri sasa hivi, tufute haya, wiki ijayo unasimama mbele ya darasa unaonyesha kazi yako, mambo yamekwisha."

"Usiguse."

"Dakika moja tu."

"Sila, usiguse. Nikifunga, nitakuwa nimemfungia Baba nje."

Sila alinitazama mimi. Mimi nilimtazama yeye. Aliaga bila kuulizia vitumbua vya kesho.

Tangu siku hiyo mwanangu akaacha kwenda darasani. Asubuhi anafungua ukurasa, mchana anafungua ukurasa. Nikimwekea ugali anaula upande mmoja, wa pili unaganda. Naye alikuwa anaandika chini yake, anamjibu, *Baba uko wapi, Baba sema uko wapi*, kisha anangoja. Majibu hayakuja. Kimya kile kilimla kuliko maneno.

Halafu akatoa lililokuwa moyoni.

"Mama, wewe ulimuona?"

"Nilimuona nani?"

"Baba. Siku ya mazishi. Ulimuona uso?"

Sikumuona. Nilishawaambia wasomaji wangu, na yeye alikuwa anajua. Waliniambia, Mama Ikram, mkumbuke alivyokuwa. Nikakubali. Nililetewa jeneza limefunikwa, wanaume wakalibeba, sisi wanawake tukabaki nyumbani na mikeka yetu.

"Kwa hiyo tulizika mtu," Ikram akasema. "Nani kasema ni Baba?"

"Ikram."

"Jumatatu naenda Kolo. Nitamwambia Ami Khamisi kaburi lifukuliwe."

Nilijua Khamisi atafanya nini na maneno hayo. Atayapeleka msikitini, atayapeleka sokoni, na binti yangu ataitwa mwendawazimu hadi anaolewa, kama ataolewa. Lakini hilo halikuwa kubwa. Kubwa lilikuwa macho yake. Yalikuwa yamekwisha kuniacha, yako barabarani yanamtafuta mtu.

Nikamwambia, "Usiende Kolo. Yupo aliyemuona. Twende kwake."

Aliyemuosha Hamidu ni Mzee Abdulrahim, wa mtaa wa Kikuyu, hapa Dodoma. Ni rafiki yake tangu ujana wao Kondoa. Kazi yake ni fundi baiskeli, na maiti huosha kwa ajili ya Mungu, hachukui kitu ila kile cha desturi: nguo ambazo marehemu alikuwa amezivaa siku ile ni zake.

Tulimkuta baada ya alasiri, kapakata gurudumu, ananyoosha spoki. Aliposikia salamu yetu akainuka na gurudumu lake mkononi.

"Mama Ikram. Karibuni, karibuni. Ikram umekuwa mkubwa hivi?"

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Umekonda. Chuo hawawapi chakula?"

Tuliketi. Sikutaka kuzunguka, nikamsimulia yote, tangu picha hadi lori. Alinisikiliza anazungusha gurudumu kidogo kidogo, kama anasikiliza gurudumu na si mimi. Nilipofika kwenye kinundu, gurudumu likasimama.

"Mzee," nikasema, "sikuulizi alikuwaje. Najua hairuhusiwi. Nauliza neno moja kwa ajili ya mtoto huyu. Alikuwa yeye?"

"Mwosha maiti hana macho, Mama Ikram. Ukiona umeficha. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo natumaini nitakavyofichiwa na mimi."

"Neno moja tu."

Alililaza gurudumu chini.

"Alikuwa yeye," akasema. "Uso sitausema. Lakini kile kinundu nyuma ya sikio nilikiosha kwa mkono huu. Inna lillahi. Alikuwa Hamidu."

Nilishusha pumzi. Nikamgeukia Ikram nikidhani naye ameshusha. Alikuwa amenyooka kama mwiko.

"Kumbe kinundu unakijua," akamwambia.

"Nimesema nilikiosha."

"Mama hakuandika. Mimi nilikuwa sikijui. Umebaki wewe, Babu. Kwa nini unatutesa?"

"Ikram, funga mdomo," nikasema.

"Mwache," mzee akasema. "Mwanangu, mimi nina simu ya tochi. Hata ujumbe anisomea mke wangu."

"Na simu ya Baba iko wapi?"

Swali lilikuwa jepesi, nami sikuwa nimelifikiria. Mzee Abdulrahim akatazama chini. Akachukua spoki, akairudisha. Mtu mzima wa ndevu nyeupe, anatafuta pa kuweka mikono.

"Ilikuwa ndani ya koti," akasema.

"Koti gani?"

"La kijivu. Koti mlinipa kwa desturi. Nilipofika nyumbani nikasikia linalia. Lilikuwa na mfuko wa ndani, kwenye bitana. Simu ilikuwa nzima kabisa, haina hata mkwaruzo."

"Mzee," nikasema, "mbona hukuirudisha? Nilikuwa ndani ya eda nalia, natamani hata kusikia sauti yake mahali."

"Kwa sababu nilipokea, Mama Ikram. Na aliyepiga alikuwa mtoto. Akasema, Baba, utakuja lini."

Nawaambia ukweli, kwanza nilidhani anamsema Ikram. Nikamtazama Ikram. Ikram akatikisa kichwa.

"Mtoto wa nani?"

"Wa Hamidu. Jina lake Joha. Mama yake alikuwa Violeth, mtu wa Buigiri. Alisilimu, ndoa ikasomwa, mimi nilikuwa shahidi. Mwanamke alifariki mtoto akiwa mdogo. Joha analelewa na bibi yake."

Mume ana ruhusa ya Mungu, hilo halikunishangaza na sikulilia. Nililia kwamba alikuwa anakula chakula changu akitoka kumpakata mtoto mwingine, na hakuniamini kunitajia jina lake. Kisha nikakumbuka kwamba mirathi tuligawa, na yatima huyu hakuhesabiwa. Mungu anisamehe, sikujua.

"Wewe ulikuwa unajua," nikamwambia mzee. "Umenipa pole, umekula hitima yangu, unajua."

"Nilikuwa najua. Lakini sauti ile ilitoka kwenye nguo ya maiti. Nikasema hii ni sehemu ya niliyoyaona wakati namuosha. Niifiche, kama ningeficha kovu. Nikaipeleka simu Buigiri, nikamkabidhi bibi, nikamwambia Hamidu hayupo tena. Bibi akaniomba nisimwambie mtoto. Sikumwambia. Sikumwambia yeye, sikukwambia wewe."

"Ukadhani unamsitiri Hamidu."

"Nilidhani namsitiri Hamidu."

Niliona amezeeka palepale. Nikamgeukia binti yangu, nikamwambia, "Sasa umesikia, Ikram. Anayeandika ni mdogo wako. Baba yako amefariki, amezikwa, Mungu amrehemu."

Ikram alikuwa amekwisha simama.

"Mama, huyu ameificha simu. Amemficha mtoto. Amekuficha ndoa. Kwa nini niamini kwamba hajamficha na Baba?"

"Wallahi, mwanangu," mzee akaanza.

"Usiape, Babu. Mimi nakwenda Buigiri. Kama Baba yupo popote, yupo kwa huyo mtoto anayemngoja."

Msiseme nilikuwa mpumbavu kumpeleka. Angekwenda peke yake. Na nilisema moyoni, akimuona mtoto mwenyewe, mwenye mikono na miguu, anayeshika simu, atajua ni nani alikuwa anaandika. Ataamka. Nilitaka mwanangu aamke, basi.

Jumamosi asubuhi tulikuwa Buigiri. Nyumba tuliipata bila shida, iko karibu sana na barabara kuu, malori ya Morogoro yanapita yanatikisa bati. Uani palikuwa na mama mtu mzima, amenyoosha miguu, anabangua karanga kwenye ungo. Aliponiona na baibui langu akaacha karanga. Nadhani alinijua.

"Mbukwenyi," akatusalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, Mama," nikaitikia, maana kidogo najua. "Mimi ni Mama Ikram."

"Mimi ni Debora. Nilikuwa nangoja siku hii na nilikuwa naiogopa. Karibu. Huyu ndiye Ikram? Ana kidevu cha baba yake."

Akainuka kwa shida, akatushika mikono wote wawili, akatuvuta pembeni ya banda la kuku, akanong'ona.

"Yuko ndani anasikiliza. Hebu nisikilizeni na mimi. Hajui."

"Hajui nini?" Ikram akauliza kwa sauti ya kawaida.

"Punguza, mwanangu. Hajui kwamba baba yake hayupo. Alimzika mama yake, akanyamaza mwaka mzima, hakutamka neno kwa mtu. Nikasema akisikia na hili atanyamaza moja kwa moja. Nikamwambia baba yako kasafiri mbali, kakuachia simu. Nilikuwa nataka nimwambie kidogo kidogo. Nilikuwa nimeshaanza. Nimemwambia barabara zina mambo yake, nimemwambia watu wengine wanakawia. Ndipo ukaja huo ukurasa wenu."

"Ukurasa umefanya nini?" nikauliza.

"Simu yake inasoma kwa sauti. Wamefundishwa shuleni, shule ya watoto wasioona. Siku moja ikamsomea: Baba yangu anaitwa Hamidu, ni dereva wa malori. Mtoto akaja mbio mpaka akagonga nguzo ile. Bibi, Baba yupo, Dada Ikram kaandika, ni dereva. Mimi nitasema nini? Ameambiwa na simu kwamba mtu ni mzima, mimi nianze kusema amekufa?"

Asiyeona. Mzee Abdulrahim hakuniambia hilo. Labda nalo aliona ni la kuficha.

Nilimtazama Ikram. Nilitaka neno "marehemu" limuume, Mungu anisamehe tena. Lakini yeye alikuwa anatazama mlango.

"Mama Debora," nikasema, "mimi nimekuja kumpa wangu ukweli."

"Mpe wako. Wangu niachie mimi, nitajua siku."

"Hawatenganiki tena hawa. Wanaandikiana."

Kabla hajajibu mlango ulifunguka.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili hivi, mrefu, kavaa gauni la Jumapili ingawa ilikuwa Jumamosi. Simu ilikuwa shingoni kwa kamba. Simu ya mume wangu. Nilitambua kasha lake, nililishona mimi kwa kitambaa cha pazia.

"Bibi, kuna wageni wawili," akasema. "Mmoja amevaa ndala, mmoja amevaa viatu. Wa ndala amechoka."

"Wa ndala ni mimi," nikasema.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Akaja moja kwa moja mahali nilipo, bila kupapasa hewa, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Akaunusa kidogo.

"Vitumbua," akasema, akacheka. "Wewe ndiye Mama Mkubwa. Baba alikuwa ananiletea vitumbua vyako, ananiambia hivi vimepikwa na mtu ambaye hajui kusema uongo. Kwa hiyo ukikutana naye usimwambie nimekupa."

Vile vitumbua nilikuwa namfungia vya safari, vingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula, na kila siku alirudi na chombo kitupu.

"Na wa viatu ni Dada Ikram?"

"Ndiyo," Ikram akasema.

"Dada, picha zako zilikuwa hazina maneno. Simu inasema tu picha, picha, picha. Mwalimu wetu anasema mtu akiweka picha lazima aandike iko vipi, ili na sisi tuione. Wewe hukufundishwa?"

"Sikufundishwa. Ndiyo naanza."

"Nilijua unaanza. Nikamwomba Bibi aniambie ni picha ya nani, nikakuandikia navyomjua. Umekasirika?"

"Sijakasirika."

Ikram alikuwa amepiga magoti. Joha akautoa mkono wake mmoja kwenye wangu, akamshika uso, akapita paji, pua, akafika kidevuni, akakaa pale.

"Cha Baba," akasema. "Ila hakichomi."

Ikram alicheka huku analia. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, ameamka. Amemuona aliyekuwa anaandika. Hakuna mzimu, hakuna kaburi linaloongea, kuna mtoto na simu. Nilianza hata kufikiria tutakavyokaa, nani atalala wapi pale Nzuguni likizo zikifika.

"Halafu kwa nini mlikuwa mnamuuliza Baba yuko wapi?" Joha akasema. "Nilisoma. Baba uko wapi, Baba sema uko wapi. Mimi nikadhani mnamtania, maana si yuko kwenu? Umeandika mwenyewe hakuna njia asiyoijua. Sasa ya huku ameisahau?"

Mama Debora akashika nguzo ya banda.

"Joha, nenda ukachote maji ya wageni," akasema.

"Maji nimeshachota, Bibi. Dada, mmekuja naye? Nilisikiliza nikasikia watu wawili. Labda anaegesha lori."

Kuku walikuwa wanaparura chini. Nilimtazama Ikram, nikamwomba Mungu ampe maneno mazuri, ya pole pole, ya ukweli.

Ikram akafuta machozi kwa mtandio. Akamshika mdogo wake mabega. Usoni mwake ikarudi ile furaha, ile ile niliyoiona kwake siku Sila aliposema simu iko hewani.

"Hatukuja naye," akasema. "Yuko njiani anakuja."

"Leo?"

"Yuko njiani, Joha. Mimi na wewe tutamngoja."

Sikujua anamdanganya mtoto, au anasema anachokiamini. Mpaka leo ninapoandika sijui lipi ningelipendelea. Mama Debora alinitazama, kwa macho ananiomba ninyamaze. Ikram naye alinitazama, na macho yake hayakuomba. Yalinionya.

Joha akageuza uso upande wangu. Mkono wangu mmoja ulikuwa bado kiganjani mwake, na kidole chake kilikuwa kwenye mshipa, pale wanaposhika waganga.

"Mama Mkubwa, ni kweli?"

Nikafungua mdomo.

"Mama Mkubwa," akasema, "mbona mkono wako umeanza kutetemeka?"